Siku ya Arobaini na Moja

Tarehe 5 Oktoba 2015 ardhi ilititia katika machimbo ya dhahabu ya Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, ikawafukia wachimbaji wadogo waliokuwa chini. Baadhi yao waliokolewa mapema. Sita hawakuonekana. Huku juu nchi ilikuwa imepamba moto kwa uchaguzi mkuu: magari ya vipaza sauti, kofia na kanga za vyama, mikutano kila uwanja. Tarehe 25 watu wakapiga kura. Tarehe 5 Novemba John Magufuli, mwana wa Chato katika mkoa jirani wa Geita, akala kiapo cha urais. Wale sita hawakuwa na habari ya lolote kati ya hayo. Walikuwa gizani, wakila mizizi, mende na vyura, wakinywa maji machafu yaliyodondoka kutoka juu. Tarehe 15 Novemba wachimbaji wenzao walisikia sauti za watu zikitoka ardhini. Watano walitolewa wakiwa hai. Wa sita alikuwa ameshafariki. Waliingia shimoni Kikwete akiwa rais; walipotolewa, rais alikuwa mwingine.

Siku arobaini na moja. Msomaji wa Kitanzania haambiwi maana ya hesabu hiyo. Katika nyumba nyingi, za Wakristo na za Waislamu, arobaini ndiyo siku ya kuhitimisha msiba. Ndugu wanakusanyika, masufuria makubwa yanainjikwa, dua au ibada inasomwa, vitu vya marehemu vinagawanywa, na aliyesafiri kutoka mbali anaaga. Mtu ambaye arobaini yake imepita ni mtu aliyekwisha kuachiliwa. Watano wale walirudi siku moja baada ya hapo.

Habari ya namna hii inahubirika bila jasho. Mchungaji anaisimulia, kwaya inasimama, kinamama wanapiga vigelegele. Ina haki ya kushangiliwa. Lakini mahubiri yakiwahesabu watano na kumruka wa sita, watu wa nyumbani kwake wanakuwa wameambiwa nini? Kwamba imani yake ilipungua? Kwamba wenzake waliomba vizuri zaidi, wakiwa katika giza lilelile na wakila mende walewale? Hakuna mwenye moyo anayeweza kuyasema hayo mbele ya mama yake. Hata hivyo, Jumapili baada ya Jumapili, katika makanisa mengi ya bati na ya turubai, mijini na machimboni, somo hilo linapitishwa kwa mlango wa nyuma: ukimngoja Mungu ipasavyo utapata, na asiyepata hakungoja ipasavyo.

Ukanda wa dhahabu una ushahidi wa kutosha dhidi ya somo hilo. Mwishoni mwa Januari 2017, katika mgodi mmoja wa Nyarugusu, mkoani Geita, watu 15 walifukiwa, mmoja wao raia wa China. Baada ya siku tatu wote 15 walitoka hai, na nchi nzima ikashukuru. Tarehe 11 Agosti 2025 mashimo ya wachimbaji yaliporomoka Nyandolwa, katika Wilaya ya Shinyanga, yakawafukia watu 25. Safari hii walitoka hai wachache tu. Wengine walitolewa wakiwa miili, mmoja leo, mwingine baada ya siku kadhaa, na ndugu zao wakakaa na habari hiyo wiki baada ya wiki. Mungu aliyeombwa Nyarugusu ndiye aliyeombwa Nyandolwa, na waombaji walikuwa watu wa namna moja, wenye kanga zilezile mabegani na machozi yaleyale.

Basi kumtumaini Mungu katika majira ya kungoja kuna maana gani kwa mtu ambaye hajaonyeshwa kama yumo kati ya watano, au kama yeye ndiye wa sita?

Swali hili halikuzaliwa Kahama. Katika kitabu cha Danieli, sura ya tatu, vijana watatu wanasimamishwa mbele ya sanamu ya dhahabu na mbele ya tanuru. Wanamjibu mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia. Nusu ya pili ya jibu lao ndiyo inayosahaulika kwa urahisi. Nusu ya kwanza inabandikwa kwenye vioo vya mabasi. Ya pili haibandikwi, maana haiahidi kitu. Na bila ile ya pili, ya kwanza inakuwa mapatano ya biashara.

Kazi ya dhahabu yenyewe, tukiitazama kwa karibu, ni kazi ya kungoja. Watu wa mbali humdhania mchimbaji kuwa mtu wa pesa za ghafla, anayeamka maskini na kulala tajiri. Wapo wa hivyo, wachache, na ndio wanaosimuliwa. Wengi maisha yao ni mengine. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, huchimbwa kwa sururu, tindo na baruti kwa miezi kabla ya kugusa mwamba wenye mali. Kuta zinashikiliwa kwa matimba, magogo yaliyokazwa ili udongo usishuke. Mwenye duara anawalisha wachimbaji wake ugali na maharage, lakini mshahara hawana. Wanangoja mgao wa mifuko ya mawe. Mawe yakipatikana yanakwenda kwenye karasha, yanasagwa, unga unaoshwa kwenye mwalo, zebaki inakamata chembe, kisha inachomwa. Kinachobaki kinaweza kuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Kinaweza pia kisiwepo kabisa, na deni la dukani likawa pale pale.

Juu ya mdomo wa duara kuna winchi. Ni gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lenye mpini wa kuzungushia kila upande, na kamba imeviringishwa katikati. Kamba hiyo inapandisha mifuko ya mawe na kushusha watu. Anayeshuka, akishapita mita chache, hamwoni tena anayeizungusha. Mwanga wa juu unakuwa kama sahani, kisha kama kikombe, kisha kama shilingi. Kinachomuunganisha na jua ni kamba, na mtu ambaye hana namna ya kujua kama bado yuko pale isipokuwa kwa kumwamini.

Katika Kiebrania cha Agano la Kale, neno la tumaini ni tikva. Neno hilohilo, katika Yoshua sura ya pili, ndilo la ile kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani ili nyumba yake isalimike Yeriko itakapoanguka. Wataalamu wengi wanalihusisha na kitenzi cha kungoja, ambacho chimbuko lake linaelekea kuwa kusokota au kuvuta uzi ukakaza. Msomaji wa mjini hulipokea jambo hili kama pambo zuri la mahubiri. Mchimbaji halihitaji kufafanuliwa. Anajua kwamba kamba ikilegea ghafla, kuna jambo. Ikikaza, kuna mtu upande wa pili.

Ipo hadithi nyingine ya dhahabu na kungoja ambayo imesomwa vibaya kwa muda mrefu. Musa alipanda mlimani akakaa siku arobaini. Watu walioachwa chini wakachoka. Hawakujua yaliyompata, huenda alikuwa amekufa huko. Wakamwendea Haruni, wakavua pete za dhahabu masikioni, akawatengenezea ndama. Kisa hicho hufundishwa kama onyo dhidi ya kupenda mali. Lakini tazameni kinachotokea: watu hawa hawachukui dhahabu, wanaitoa. Wanaitoa bila kusita, ili wapate kitu kinachoonekana, kilichopo sasa, kisichochelewa. Ndama ni tunda la kungoja kulikooza. Uhakika waliounyimwa waliununua kwa vito vya wake zao na watoto wao.

Katika Kanda ya Ziwa biashara hiyo imefanyika kinyumenyume, na kwa bei ya kutisha kuliko pete. Tangu karibu mwaka 2007 ilisambaa habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga matapeli waliwaambia wateja wao, wachimbaji na wavuvi wakiwemo, kwamba viungo hivyo huita dhahabu na samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Haikutosha. Februari 2015, huko Chato, mtoto wa mwaka mmoja alinyang'anywa kutoka mikononi mwa mama yake na baadaye akakutwa ameuawa.

Umaskini peke yake hauelezi jambo hili. Maskini ni wengi mno na wauaji ni wachache. Ujinga nao hautoshi. Aliyetoa fedha nyingi kwa ajili ya kiungo cha mtoto hakuwa mtu asiyejua hesabu. Ndani ya ukatili huu kuna mtu aliyekuwa akingoja duara lake litoe, akachoka kungoja, akaambiwa ipo njia ya mkato. Aliyemwambia hivyo alimpa alichokuwa akikitafuta kuliko dhahabu yenyewe, yaani tarehe.

Kwenye Manispaa ya Shinyanga kuna shule ya Buhangija, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na kitengo cha watoto wasioona. Kuanzia mwaka 2009 ilianza kupokea watoto wenye ualbino waliotolewa vijijini ili waishi nyuma ya ukuta. Idadi yao ikafika mamia. Wapo waliokulia hapo. Hao nao walingoja: wazazi, likizo, siku ambayo kutembea kwenda kisimani peke yako kusingekuwa jambo la hatari. Uvumilivu uliomshinda mwenye duara ukawekwa juu ya mabega ya mtoto wa darasa la pili.

Kanisa halina budi kujitazama hapa. Chupa ya mafuta ya upako haiwezi kulinganishwa na panga lenye damu, na si haki kuyaweka pamoja. Hata hivyo, mhubiri anayemwambia mwanamke tasa kwamba mwakani kipindi kama hiki atakuwa na mtoto, au anayemwambia kijana wa machimboni kwamba mwezi huu ni mwezi wake wa kuvuka, akitoa sadaka ya kiwango fulani, anauza bidhaa ileile: tarehe. Mwaka ukiisha, mwanamke huyo harudi kumdai. Anarudi nyumbani akiwa na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, hatia ya kutoamini vya kutosha. Abrahamu mwenyewe, anayeitwa baba wa imani, aliitwa akiwa na miaka 75 na Isaka akazaliwa yeye akiwa na miaka 100. Katikati ya miaka hiyo 25 alijaribu njia ya mkato, na aliyeilipia ni mjakazi aliyefukuzwa jangwani na mtoto wake na kiriba cha maji. Biblia haikuificha aibu hiyo.

Ng'ambo ya ziwa, Mganda akisema linda, anamaanisha ngoja. Kwetu neno hilohilo linamaanisha kutunza, kuwa macho, kuzuia kitu kisiharibiwe. Lugha za Kibantu zimeyaweka mambo haya mawili kwenye mzizi mmoja, na inafaa kusimama hapo kidogo. Mtunzi wa Zaburi ya 130 naye, alipotafuta mfano wa nafsi inayomngoja Bwana, hakumchukua abiria aliyekaa stendi. Alimchukua mlinzi wa usiku anayeitazamia asubuhi. Mlinzi hawezi kuisukuma alfajiri ije upesi hata kwa dakika moja. Lakini usiku wake una kazi: kuna nyumba, kuna ng'ombe, kuna watoto waliolala kwa sababu yeye hajalala. Anayejua sungusungu, walinzi wa vijiji wa Usukuma, anaelewa vizuri sura hiyo.

Na Usukuma una neno lake la jambo hili, ambalo lingestahili kuingia katika kila somo la Biblia kuhusu subira. Neno hilo ni ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa. Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, na nyasi zinapochipua, familia au kijiji hutenga sehemu ambayo mifugo haitaingia. Nyasi zinarefuka, zinakauka zikiwa zimesimama, na zinabaki hapo wakati malisho ya nje yanaliwa hadi udongo. Kisha, kiangazi kinapokaza, ngitili inafunguliwa kwa utaratibu. Ndama, ng'ombe wa kukamuliwa na maksai wa jembe wanatangulia, kwa sababu bila maksai wenye nguvu hakuna kilimo mvua zitakaporudi. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati anatozwa faini, na mkutano wa jadi wa kijiji, dagashida, ndio unaoamua. Hapo kungoja kuna mipaka, kuna walinzi, kuna adhabu, na kuna mpangilio wa nani atangulie kula.

Utaratibu huo ulikaribia kufa. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ya Shinyanga ili kupambana na mbung'o. Pamba ikachukua ardhi, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa waliziacha ngitili zao nyuma bila mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kwa kifupi kama HASHI, na wakati huo ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa na ukubwa wa hekta 600 tu. Mpango ulijaribu kwanza kugawa miche ya miti. Kilichofaa zaidi kilikuwa kuwauliza wazee walivyokuwa wakifanya zamani, na kufunga tena maeneo. Ulipofika mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi chini ya ngitili katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi ya migunga na miti mingine ilikuwa hai chini ya udongo muda wote ule, chini ya ardhi ambayo kila mpita njia aliiona imekufa. Ilichokosa ni mtu wa kumzuia mbuzi asiing'ate kila inapochomoza. Ayubu, katika sura ya 14 ya kitabu chake, anauonea wivu mti: ukikatwa una tumaini la kuchipuka tena ukipata harufu ya maji, lakini mtu akilala je? Alisema hayo akiwa katikati ya mateso yake, hajajibiwa bado, na hakujifanya kuwa amejibiwa. Mkulima wa Shinyanga anayetazama ngitili yake ya mwaka wa pili, ikiwa na vichipukizi vya urefu wa goti na ng'ombe wake wanamtazama wakiwa nje ya mpaka, yuko karibu sana na Ayubu. Hana uthibitisho. Ana kisiki, ana mpaka, na ana majirani waliokubali kutoingiza mifugo yao.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kungoja kwa imani na kule kungoja kunakoitwa hivyo kwa heshima tu. Anayemtumaini Mungu hapimwi kwa utulivu wa uso wake wala kwa sauti ya maombi yake. Anapimwa kwa kile anachokilinda wakati jibu halijaja, na hasa kwa nani anayesalimika kwa sababu yeye anangoja. Aliyemnunua mganga alitaka duara lake lifunguke hata kama mtoto wa jirani atakufa. Mwenye ngitili anafunga malisho yake mwenyewe, na ndama wa jirani wanapona kiangazi.

Makanisa ya ukanda huu yamepita pia katika madarasa yao ya kungoja, mengine bila kelele. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walishika kituo cha Nassa, kando ya Ziwa Victoria, kwa takriban miaka ishirini na mavuno madogo, wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Africa Inland Church Tanzania (AICT) ya leo, yenye makanisa kila kona ya Usukuma, ina mizizi hapo. Askofu Aloysius Balina, aliyekuwa wa kwanza kuliongoza Jimbo Katoliki la Geita kabla ya kuhamishiwa Shinyanga, alifariki Novemba 2012, na jimbo la Shinyanga likaombea mrithi hadi Liberatus Sangu alipoteuliwa Februari 2015. Lakini darasa lililo wazi zaidi lilitokea Geita.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 2023, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, kijana mmoja alivunja na kuingia katika Kanisa Kuu la Bikira Maria Malkia wa Amani mjini Geita, akaharibu vitu vitakatifu, sanamu na misalaba. Askofu Flavian Kassala angeweza kuita mafundi, kutakasa na kusali Misa jioni ileile. Alilifunga kanisa. Kwa siku ishirini, hadi tarehe 18 Machi, waumini walifanya toba na malipizi, na kanisa kuu likabaki limefungwa katikati ya Kwaresima, majira ambayo ni ya siku arobaini za kungoja. Kwa mji uliozoea kwamba kilichobomoka asubuhi hujengwa mchana na biashara kuendelea, hiyo ilikuwa lugha ngeni. Jeraha lilipewa muda wake. Hakuna aliyeambiwa ajifanye kwamba halikutokea, na hakuna aliyeambiwa alipize kisasi. Wakristo wa Geita walizuiwa mlango wao wenyewe ili wajue uzito wa walichokipoteza, na pengine huo ndio uchungaji mzuri kuliko mahubiri kumi ya subira.

Tahadhari moja inahitajika, na si ndogo. Neno subira hupendwa mno na wale ambao hawangoji kitu. Mwenye leseni humwambia mchimbaji awe na subira na mgao wake. Ofisi humwambia mjane arudi wiki ijayo, kisha ijayo tena. Mume humwambia mke. Yesu alipofundisha juu ya kuomba bila kukata tamaa, katika Luka sura ya 18, alimchagua mjane aliyemsumbua hakimu dhalimu mpaka akachoka. Mjane huyo hakukaa nyumbani akingoja moyo wa hakimu ulainike. Alikuwa mlangoni kila siku. Imani yake ilikuwa na miguu na mdomo.

Shinyanga inalijua hilo kwa habari ya maji. Kizazi baada ya kizazi wanawake walifukua mchanga wa mito iliyokauka, wakiteka kwa kata matone yaliyojikusanya, wakati ziwa kubwa kuliko yote Afrika lilikuwa kaskazini yao. Walimwomba Mungu mvua, na waliwadai viongozi wao bomba, na mara nyingi midomo iliyoomba ndiyo iliyodai. Mradi wa kuvuta maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009, kwa fedha za Tanzania yenyewe. Bibi aliyeteka maji ya mchangani tangu akiwa msichana na akafa mwaka 2008 hakuyaonja. Waraka kwa Waebrania, katika sura yake ya 11, una orodha ndefu ya watu kama yeye, waliokufa wakiwa hawajapokea, wameona tu kwa mbali. Mwandishi wa waraka huo hawapangi nyuma ya waliopokea. Anawaweka katika orodha moja, bila mstari katikati.

Hapo ndipo wa sita wa Nyangalata anapopata nafasi yake. Naye alikula alichokula wenzake na kunywa walichokunywa. Kama siku zile za gizani zilikuwa na sala, alikuwemo katika sala hizo. Kanisa linalotaka kuwa na neno la kusema machimboni lazima liweze kulitaja jina lake katika ibada ileile inayowashukuru watano, kwa sauti ileile, bila kuharakisha.

Katika maduara mengi kazi haisimami usiku. Zamu inabadilishwa, wa juu wanashuka, wa chini wanapanda, vumbi la mwamba likiwa jeupe kwenye nyusi zao. Anayeshika winchi anawajua waliomo kwa majina, maana ndiye aliyewashusha. Saa ya kupanda ikifika anainama juu ya shimo na kuita. Kamba ikitikiswa kutoka chini, anaanza kuzungusha. Isipotikiswa, anaita tena, akatega sikio, akaita tena, mikono yake miwili ikiwa bado kwenye mpini.